DVD ya Mama Mukwe

Leo sina uso. Nimeuacha Manika, sebuleni kwa mama mukwe wangu, mbele ya televisheni, na sijui nitarudi lini kuuchukua.

Nawaandikia nikiwa nimekaa kitandani na viatu miguuni. Nguo za ukweni bado ziko mwilini. Nikimaliza kuandika nina safari nyingine ya aibu, fupi kidogo, nitawaambia mwishoni.

Mnanijua. Nafanya kazi kwenye kibanda cha fotokopi na kuchapa barua karibu na soko la Manika, hapa Kolwezi. Kwa sababu hiyo, nyumbani kwa mchumba wangu Nadège wananiita "mutu wa informatique", na mi sijawahi kuwakatalia. Ninyi wa kundi hili mnanijua zaidi: mi ndiye ninayewahubiria Linux asubuhi na jioni. Mfumo wa kompyuta wa bure! Hauna virusi! Hauombi ruhusa kwa mtu! (Leo mi ndiye niliyeuomba ruhusa. Subirini.)

Sasa sikilizeni kisa chenyewe. Mama yake Nadège anaimba kwenye kwaya ya akina mama ya parokia yao. Kwaya ilialikwa Tenke, na kule yeye ndiye aliyeanzisha wimbo, peke yake, mbele ya kanisa zima. Mtu mmoja akachukua video kwa simu, ikafika kwa Nadège, na Nadège akanitumia. Mama anaitaka kwenye DVD. Televisheni yake na mashine yake ya DVD ni zile alizoachiwa na marehemu mumewe, na mashine ile haina hata tundu la kuchomeka flash. Mi nikajibu, kupitia Nadège, kwa kujiamini kabisa: "Hiyo ni kazi ya dakika kumi."

Dakika kumi! Mdomo huu ungekuwa na mfuniko.

Na haikuwa DVD ya kuangalia tu jioni na njugu. Kaka mkubwa wa mama, ambaye sote tunamwita Mujomba, amekuja kutoka Kasaji. Baba yake Nadège hayupo tena, kwa hiyo Mujomba ndiye wa kusema kama familia inanipokea nilete mahari au niende zangu. Jibu lilikuwa litolewe leo. Mpango wetu, mi na Nadège, ulikuwa huu: wale, washibe, wamuone dada yake Mujomba akiimba Tenke, moyo wa mzee ulainike, halafu aulizwe. DVD ndiyo ilikuwa silaha yangu pekee.

Jambo moja zaidi kwa wasioijua familia ile. Ni watu wa Katanga ya kaskazini, na kwao mambo ya bukwe, ile heshima ya ukweni, si mchezo. Mwanaume hasemi na mama mukwe wake ana kwa ana. Neno linapita kwa mtu wa tatu. Hamshiki mkono, hapokei kitu kutoka mkononi mwake, na mama akiwa amekaa, hapiti mbele yake. Tangu nimjue Nadège, mama yake hajawahi kunitamkia neno hata moja, na mi naijua zaidi kandambili yake kuliko uso wake. Ishikeni hiyo kichwani, kwa sababu ndiyo iliyonimaliza.

Basi, asubuhi nikaenda sokoni kutafuta diski tupu. Muuzaji wa chaja na vifuniko vya simu aliniangalia kwa huruma.

"DVD? Papa, uko unatoka wapi?"

Akaingia chini ya meza, akatoka na pakiti ndogo iliyofunikwa na vumbi. Akaipuliza. Nikakohoa. Nikalipa, nikapanda taxi-moto mpaka kwangu Dilala, nikafungua kompyuta yangu ya mgongo mpana, ya zamani, ambayo bado ina mlango wa diski. Nikaingiza ya kwanza, nikabonyeza kitufe cha kugraver, yaani kuandika video kwenye diski.

Kompyuta ikasema haioni kifaa chochote cha kugraver.

Nikaitoa, nikairudisha. Haioni. Nikaizima, nikaiwasha. Haioni. Kile kifaa kinaunguruma ndani, nakisikia kwa masikio yangu, na yenyewe inaniambia hakipo! Nikampigia Trésor. Trésor, kwa wageni wa kundi, ni rafiki yetu wa Lubumbashi, daktari wa Linux wa sote.

"Trésor, graveur haionekane."

"Uko mu groupe ya graveur?"

"Groupe gani? Mi niko peke yangu mu nyumba."

"Groupe ya système, weye! Jina yako haiko mu liste ya bantu ba kugusa graveur. Unahubiria batu Linux kila siku, na hiyo haujue?"

Mnaona? Kompyuta yangu mwenyewe, ninayoifuta vumbi kwa shati langu mwenyewe, ilikuwa haijaniruhusu kugusa kifaa chake. Trésor akanitumia amri ya kuandika, nikaiandika, nikatoka, nikaingia tena kama mgeni aliyepiga hodi. Kifaa kikaonekana. Nikapiga makofi peke yangu.

Nikabonyeza. "Kifaa kinatumika." Kinatumika na nani? Kumbe kila nikiingiza diski, dirisha la mafaili linajifungua lenyewe nyuma na kuishikilia. Nikalifunga. Nikabonyeza tena. Hapo ikaanza kwenda kweli. Mstari wa kijani ukatambaa, robo, nusu, robo tatu. Mi nikaenda kupiga pasi shati. Nikarudi mstari uko karibu kabisa na mwisho, nikavuta kiti nishuhudie, na mbele ya macho yangu ukageuka mwekundu. "Échec de la gravure."

Diski hiyo ikafa. Nikaiweka dirishani. Jirani yangu, Mama Chantal, ana bustani ya lenga-lenga, mchicha wa kwetu, chini ya dirisha langu, na macho yake hayalali.

"Tata, ile kintu ya kung'aa umetupa?"

"Imeharibika, mama."

"Nipatie basi. Ndege banamaliza mbegu yangu. Ikipeperuka na jua, banakimbiaka."

Nikampa. Akaipitisha uzi kwenye tundu, akaifunga kwenye mti. Baada ya muda nikampa ya pili, iliyokufa palepale ilipokufa ya kwanza. Akanishukuru kwa moyo wote. Nadhani kufikia hapo alikuwa anaomba nishindwe.

Trésor akasema, "Punguza mwendo, hizo disque ni za zamani. Na upanguse jicho ya graveur, iko vumbi."

Vumbi! Jamani, tuko Kolwezi. Malori ya madini yanapita siku nzima, vumbi liko hadi kwenye chumvi. Nikatafuta pamba. Pombe ya kusafishia sina. Nilichokuwa nacho ni manukato mapya niliyoyanunua kwa ajili ya siku ya leo, ya kwendea ukweni. Nikayatia kwenye pamba, nikapangusa lile jicho polepole, na pamba ikatoka rangi ya kahawia. Manukato yakaisha. Kwa hiyo kompyuta yangu leo ilinukia vizuri kuliko mi mwenyewe.

Lakini ilifanya kazi! Mwendo wa taratibu, jicho safi, mstari wa kijani ukafika mwisho. Nikakimbia na diski kwa Mama Chantal, kwa sababu naye ana mashine ya DVD. Mashine ikaisoma, ikafikiri, ikaitema. Haiijui.

"Trésor!"

"Ulifanya DVD ya vidéo, ao ulikopia tu fichier?"

"Nilikopia fichier. Si ni vidéo?"

Akavuta pumzi ya mtu anayejizuia asikutukane.

"Mashine ya salon haisomake fichier ya simu," akasema. "Lazima uibadilishe kwanza, kompyuta iitengeneze kama DVD ya kweli. Na usimalize disque yote. Anza na simulation. Inafanya kila kintu, lakini haiandike. Ikipita muzuri, njo unagraver."

Nikatii. Kubadilisha kulichukua muda mrefu, video ya kwaya ni ndefu, mama wale wakianza hawaachi. Nikaweka alama kwenye kisanduku cha simulation. Ikapita! "Gravure réussie!" Nikabonyeza tena, mara hii ya kweli. "Gravure réussie!" Nikacheza. (Mimi na shati la pasi na bukta, nacheza chumbani.) Nikakimbia kwa Mama Chantal, nikaingiza diski kwenye mashine yake kwa madaha. Mashine ikasema hakuna kitu ndani.

Nikairudisha kwangu, nikagraver tena. Réussie. Nikaipeleka. Tupu. Mtu anakuambia mara tatu kwamba amefaulu, na hajafanya kitu! Hasira ikanipanda, nikaisukuma ile diski mikononi mwa Mama Chantal, nikamwambia funga na hii. Akafunga. Bustani ikawa inawaka kama siku ya sikukuu.

Nikabaki na diski moja. Na saa zilikuwa zimekwenda. Nadège akapiga, sauti ya chini.

"Mujomba amefika. Mama amevaa kikwembe ya kwaya. Uko wapi?"

"Niko namalizia tu."

"Ulisema dakika kumi. Siku tatu zimepita!"

Nikampigia Trésor, karibu nilie. Akasema hawezi kutibu mgonjwa ambaye hamuoni. "Fanya vidéo ya écran yako, nione kila mahali unabonyeza. Na uelezee na mudomo." Wazo zuri. Linux ina kitu hicho ndani yake, bure kabisa, unabonyeza tu na inarekodi kila kinachotokea kwenye kioo, pamoja na sauti yako. (Pamoja na sauti yako. Nimerudia kwa faida ya vizazi.) Nikarekodi. Nikambonyezea kila kitu, nikamwelezea kila kitu. Nilikuwa na njaa, nilikuwa na hasira, na nilikuwa naongea na rafiki yangu. Basi nilieleza mengi.

Nikamtumia. Akanirudia palepale.

"We muzee! Alama ya simulation bado iko pale! Haujaitoa! Kompyuta inaigiza tu tangu mchana!"

Kumbe. Kile kisanduku. Nilikiwekea alama mi mwenyewe na nikakisahau. Kompyuta ilikuwa inafanya kwa uaminifu kile nilichoiambia: ijifanye inagraver. Maana yake pia, ile diski niliyompa Mama Chantal kwa hasira ilikuwa nzima kabisa. Lakini haikuwa tena saa ya kwenda kupanda miti.

Nikaondoa alama. Nikanyoosha kidole kubonyeza. Umeme ukakatika.

Betri ya kompyuta yangu ilikufa siku nyingi, kwa hiyo kila kitu kikazimika pamoja na mi. Nilikaa mbele ya kioo cheusi na shati jeupe. Uliporudi, nikawasha, nikatafuta ile DVD iliyokwisha kutengenezwa. Haipo! Ilikuwa imehifadhiwa kwenye folda ya muda, na folda hiyo Linux inaifagia kila ikiwaka upya. Nikafungua folda ya video nianze tena. Majina ya mafaili yote ni tarakimu, tarakimu, tarakimu. Nikachukua la juu kabisa, lililoingia mwisho. Si ndilo nililokuwa nashughulika nalo?

Kubadilisha kulikwisha haraka, haraka mno. Nikasema moyoni, ona, baada ya kupumzika mashine imepata nguvu. Ikaniuliza kama nataka ihakiki diski baada ya kuandika. Nikakataa, hakuna wakati. (Na hata ingehakiki, ingesema kila kitu ni sawa. Diski ilikuwa sawa.) "Gravure réussie." Jicho la kifaa liliwaka kweli mara hii, upande wa diski ukabadilika rangi, nikauona kwa macho yangu. Nikaibusu. Nikatoka mbio, taxi-moto, Manika.

Sebule ilikuwa imejaa. Mujomba kwenye kiti kikubwa, mzee mrefu, mkimya, bado na vumbi la njia ya Kasaji kwenye viatu. Wamama wanne wa kwaya, wote kwa vikwembe vya kitenge kimoja, wamebanana kwenye kochi. Watoto chini kwenye mkeka. Mama mukwe kwenye kiti chake ubavuni mwa televisheni, remote mapajani. Mi nikawekwa kwenye kiti cha mlangoni, macho kwenye kandambili. Nikala peke yangu upande wa pili, bukari na sombe na paja la kuku, nikarudi mlangoni. Nikampa Nadège diski, Nadège akampa mama, mama akaifuta kwa kikwembe chake na kuiingiza kwenye mashine.

"Mukwe njo alitengeneza yeye mwenyewe?" akauliza Mujomba.

"Yeye mwenyewe," akasema Nadège, kwa majivuno. Mpenzi wangu maskini.

Mashine ikaimeza. Ikaunguruma. Ikaikubali! Roho yangu ikatulia. Halafu picha ikatokea: uso wa Nadège, mkubwa, televisheni nzima. Ni picha niliyoipamba kwenye kioo cha kompyuta yangu.

Mama mmoja wa kwaya akashangaa. "Eh! Nadège pia alienda Tenke?"

Kimshale kidogo cheupe kikapita kwenye pua ya Nadège.

"Ile mushale ni ya nini?" akauliza Mujomba.

Mi nilikwishajua ni ya nini. Na hapo ikatoka sauti, kubwa, safi, sauti yangu:

"Trésor, ona mateso yangu. Ninabonyeza hapa, unaona? Mama mukwe huyu ataniua, ndugu yangu. Simu iko naye, kubwa kupita yangu, lakini yeye ni DVD tu, DVD, DVD. Nilimutumia neno, nikasema nitatia mu flash. Unajua alijibu nini?"

Na hapo, jamani, nikamuigiza. Sauti ya puani, shingo nyuma, kwa ustadi niliokuwa sijui ninao:

"'Bitu bya Mungu haviingiake mu kadude ka vile!'"

Hakuna aliyecheka.

Mtauliza, kwa nini hukuizima? Nawajibu. Remote iko kwenye mapaja ya mama mukwe: mi siwezi kupokea kitu kwake, sembuse kukichukua mapajani. Televisheni iko ubavuni mwake: kuifikia lazima nipite mbele yake. Waya wa umeme uko nyuma ya kiti chake. Kumwambia azime siwezi, mi sisemi naye! Nilisimama. Mujomba akaniangalia. Nilikaa. Nikamkonyeza Nadège, naye akanyanyuka kwenda kwenye mashine, na mama yake akanyoosha kiganja.

"Acha. Iendelee."

Nikauomba umeme. Umeme ule ule ulioniumiza mchana! Nikauambia kimoyomoyo, katika, tafadhali, katika hata kidogo. Ulisimama imara kama siku ya uzinduzi.

"Na wimbo wenyewe," sauti yangu ikaendelea bila aibu, "nimeusikia mpaka ninaota nao. Anaingia mbele ya kinanda, mbele ya synthé, Trésor! Kila mara! Synthé bado haijaanza, yeye amekwisha kufika kwa Mungu. Sikia."

Nikaimba. Nilimuimbia Trésor ubeti mzima, kwa sauti ya juu ya kike, pamoja na ile mitetemo yake ya mwisho wa mstari. Mama mmoja wa kwaya akaficha uso kwenye kikwembe. Mabega ya wa pili yakaanza kutikisika. Watoto kwenye mkeka wakanigeukia wote pamoja, wakalinganisha sauti na mtu.

"Bon. Ninabonyeza tena. Unaona, réussie, lakini ni uongo. Na leo iko Mujomba wao, wa Kasaji. Banasema akikuangalia bila kufunga jicho, umekwisha. Mi nitaangalia tu kuku."

Nilikuwa nimeangalia kuku kweli. Mujomba alikuwa ananiangalia, na jicho halikufunga.

Kisha kwenye televisheni kimshale kikawa kinazunguka zunguka usoni kwa Nadège. Hii sehemu nilikuwa nimeisahau kabisa. Sauti yangu ikarudi, ya chini, ya mtu aliyechoka.

"Lakini Trésor, mi nitafanya nini? Yule mutoto wa yule mama, mi sina mwingine. Hata mama yake angeniomba kaseti ya zamani, ningezunguka Kolwezi yote nimutafutie kaseti. Basi. Angalia, uniambie kosa iko wapi."

Picha ikakatika. Mashine ikarudi mwanzo na kuandika kwenye kioo, kwa herufi kubwa, kwamba tukitaka tunaweza kuangalia tena.

Nilitazama kandambili ya mama mukwe. Kandambili ikasogea. Halafu nikasikia sauti ile ile niliyokuwa nimeiigiza, na ilikuwa inaelekezwa kwangu, mi mwenyewe, bila mtu wa tatu:

"Si mi njo naingiaka mbele. Ni synthé njo inachelewaka."

Wamama wa kwaya wakaitikia "Eeeh!" kwa pamoja, sijui kwa sababu amesema na mukwe wake au kwa sababu ni kweli kuhusu synthé. Na Mujomba, mzee ambaye hafungi jicho, akayafunga yote mawili. Akacheka mpaka akakohoa, mpaka Nadège akamletea maji, akanywa, akacheka tena na maji yakamtoka.

"Batoto banaume banakuyaka hapa," akasema alipopata pumzi, "banaongea sukari, sukari tupu. Nyuma ya mulango banasema nini, hatujue. Huyu tumemusikia nyuma ya mulango." Akapangusa macho. "Ataleta kuku moja, ya kunawisha ule mudomo. Kisha alete mahari. Mi nimekubali."

Nadège akapiga vigelegele. Wamama wakapokea. Mi nilitaka kushukuru, sauti ikakataa kutoka. Siku nzima inaongea ovyo, na ilipohitajika ikanyamaza! Machozi ndiyo yalitoka. Ndiyo, nililia, na hilo nalo lilionekana na watu wote.

Mama mukwe akaitoa diski kwenye mashine, akaifuta tena kwa kikwembe, akairudisha bukwe mahali pake:

"Nadège, ambia bwana yako: hii disque inabakia hapa, mu kabati, na sahani za kioo. Siku atakuliza machozi, tutaiweka kule parokia, mbele ya batu bote."

Na haifutiki, jamani. Aina ile ukishaiandika umeiandika. Ndiyo diski yangu ya kwanza maishani iliyofaulu bila kosa hata moja, na itakaa kwenye kabati la vioo hadi wajukuu.

Nilikuwa nimekwisha kufika mlangoni, narudi nyuma nyuma kwa heshima, Mujomba aliponiita.

"Mukwe. Na ile ya Tenke? Mi narudi Kasaji kesho asubuhi, na bado sijaona dada yangu akiimba."

Kwa hiyo hivyo ndivyo ilivyo. Natakiwa nigraver DVD nyingine leo hii, ile ya kweli, na sokoni wamefunga. Diski tupu ninayoijua mjini kote ni moja tu, ile ya simulation, na imefungwa kwa uzi juu ya lenga-lenga ya Mama Chantal. Navua shati, naenda kumwomba, na kama atakataa napanda mwenyewe.

Msinicheke. Ndege watatosha.